Namba za Wateja Zisiwe za Kufungia Karanga

Kwa:
Gavana, Benki Kuu ya Tanzania,
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Waheshimiwa,

Shikamooni.

YAH: TOKENI BADALA YA NAMBA ZA SIMU NA ZA KADI KATIKA MALIPO

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mwezi uliopita nilikuwa stendi ya Nyegezi, Mwanza, nikisubiri basi la Arusha, nikanunua karanga za mia tano. Kijana alizimimina kwenye karatasi iliyokunjwa pembe kama kawaida. Nikatafuna, na zilipoisha nikaikunjua karatasi kutafuta zilizojificha chini. Ulikuwa ukurasa wa daftari la wakala wa pesa za simu. Mistari imepigwa kwa rula: tarehe na saa, jina, namba ya simu, kiasi, namba ya kitambulisho, saini. Watu 19. Mama mmoja alikuwa ameandikiwa namba yake ya NIDA yote, tarakimu 20, na mnajua kuliko mimi kwamba tarakimu nane za mwanzo za namba ile ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo kwa shilingi mia tano nilipata karanga, jina la mama yule, simu yake, umri wake, mfano wa saini yake, na habari kwamba siku ile saa kumi jioni aliondoka pale na 430,000 mkononi.

Sikushangaa, na hilo ndilo lililoniuma. Kabla sijawa fundi wa mifumo nilikuwa wakala miaka sita: kibanda cha mbao karibu na soko, mwamvuli, kiti cha plastiki, simu nne mezani. Madaftari kama lile nimejaza mengi. Tuliambiwa kila muamala uandikwe na mteja asaini, nasi tuliandika bila kinyongo kwa sababu muamala ukizua ubishi daftari ndilo lilikuwa wakili wetu. Likijaa linaingia chini ya meza. Siku nahama kibanda yale ya zamani niliyaacha palepale, mzigo ulikuwa mkubwa. Aliyepanga baada yangu alikuja kukaanga chipsi. Sijawahi kumuuliza alikuwa anafungia nini, na sina hamu ya kumuuliza.

Nawaandikia watatu kwa pamoja kwa sababu namba ya simu ya Mtanzania leo iko kwenye meza zenu zote tatu. Kwa Benki Kuu ni akaunti ya pesa. Kwa TCRA ni laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Januari 20, 2020, siku ya mwisho ya usajili ule, wote tunaikumbuka, na foleni za NIDA zilizoitangulia. Kwa Tume ni taarifa binafsi chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kila mmoja akisema "hilo la mwenzangu" atakuwa na hoja, na karatasi zitaendelea kukunjwa pembe.

Nianze na kadi, maana huko dawa ilishapatikana.

Mwaka juzi niliitwa na ofisi moja ya utalii Arusha niwawekee malipo ya mtandaoni. Nikauliza hadi siku hiyo walikuwa wanapokeaje pesa za wageni. Dada wa mapokezi akanionyesha simu ya ofisi: kundi la WhatsApp lenye picha za kadi, mbele na nyuma, moja baada ya nyingine kama albamu ya harusi. Mgeni anapiga picha kadi yake huko kwao, anatuma, wao wanaingiza namba kwenye mashine kwa mkono. Namba 16, tarehe ya kuisha, jina, na zile namba tatu za nyuma ambazo kanuni za usalama za kampuni za kadi, PCI DSS, zinamkataza mfanyabiashara kuzitunza muamala ukishaidhinishwa, hata azifungie kwa kufuli gani. Simu yenyewe haikuwa na nywila, kwa sababu "tunaitumia wote". Yule dada hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alifanya kazi kama alivyoikuta inafanywa.

Wenzetu waliumia kwanza. Mwishoni mwa 2013 wezi waliingia kwenye mitambo ya maduka ya Target, Marekani, wakipitia mlango wa mkandarasi wa majokofu na viyoyozi, wakaondoka na taarifa za kadi milioni 40. Duka lenye walinzi, kamera na wanasheria liliingiliwa kupitia fundi wa friji. Wenye akili walielewa kwamba duka haliwezi kuibiwa kitu lisichokuwa nacho. Machi 2014 EMVCo, chombo cha pamoja cha kampuni kubwa za kadi, kikatoa mwongozo wa tokeni za malipo, na Oktoba mwaka huohuo Apple Pay ikaanza Marekani ikitumia utaratibu huo.

Neno tokeni sisi tunalijua kwa umeme. Unanunua LUKU, zinakuja tarakimu 20, unaziingiza kwenye mita. Jirani akizichungulia bega lako hazimsaidii, mita yake inazikataa. Wewe mwenyewe ukizirudia mara ya pili, mita inakataa. Watu wengi wamewahi kuandika tokeni ya LUKU ukutani kwa penseli na hakuna aliyeibiwa uniti kwa sababu hiyo.

Tokeni ya malipo ni binamu yake. Ukiingiza kadi kwenye simu au kwenye duka la mtandaoni, namba halisi inakwenda mara moja tu kwa mtoaji wa tokeni, mara nyingi mtandao wa kadi wenyewe, Visa au Mastercard. Anaifungia kabatini kwake, anarudisha namba nyingine ya kubuni, urefu uleule ili mashine zisilalamike. Duka linabaki na ya kubuni. Siku ya kulipa duka linatuma ya kubuni, mwenye kabati anaigeuza kuwa halisi, benki inaidhinisha, jibu linarudi. Duka halikuwahi kuishika namba yako. Ukilipa kwa kugusisha simu, kila muamala unabeba pia muhuri wake wa siri wa mara moja, kwa hiyo aliyenasa yote yaliyopita leo hayamfai kesho. Na tokeni ina mipaka: ya duka hili haifanyi kazi duka lile, ya simu hii haifanyi kazi kwenye simu ile. Simu ikiibiwa inafutwa tokeni, kadi yako iliyo mfukoni inaendelea kulipia mafuta sheli kama kawaida.

Ila kuna tofauti na LUKU ambayo ningeomba wataalamu wenu waikalie. Tokeni ya umeme imebeba ujumbe ndani, yaani uniti, na mita inaufungua. Tokeni ya malipo iliyotengenezwa vizuri haijabeba kitu. Ipasue, ipige darubini, ndani hamna namba ya mtu. Uhusiano wake na mwenye kadi uko kabatini tu.

Nalishikilia hili kwa sababu kwenye vikao vya mafundi nasikia mtu akisema kwa kujiamini, "Sisi hatutunzi namba ya simu, tunaisaga kwanza." Anamaanisha wanaipitisha namba kwenye kanuni ya hesabu inayotema mchanganyiko mrefu wa herufi na tarakimu, usioweza kurudishwa nyuma. Unga haurudi kuwa mahindi, ni kweli. Lakini mwenye mashine yake akisaga magunia yote ya ghala, moja baada ya jingine, akaweka kila unga kwenye chupa yenye jina, atajua unga wako umetoka gunia lipi. Namba za simu za Tanzania baada ya 255 zina tarakimu tisa, na za mikononi zinaanza na 6 au 7. Hizo ni namba milioni 200, basi. Kompyuta ya kawaida ya mezani inazisaga zote kabla chai haijapoa. Kwenye kadi ni mbaya zaidi: ukisaga namba 16 huku pembeni umeandika sita za mwanzo na nne za mwisho "ili mteja aikumbuke", umemwachia mwizi sita za kukisia, yaani milioni moja, na tarakimu ya uhakiki iliyo ndani ya kila namba ya kadi inazipunguza hadi laki moja. Fundi akiwaletea mfumo wa namna hiyo akauita tokeni, mrudisheni.

Sasa tuje kwenye simu, ambako ndiko tuliko wengi.

Dada ananunua unga, analipa kwa Lipa Namba. Simu ya mwenye duka inalia: umepokea shilingi 14,500 kutoka kwa fulani binti fulani, na namba yake hii hapa. Mwenye duka anataka kujua mambo matatu: pesa imeingia, ni kiasi gani, na ni ya nani kati ya hawa wanne waliosimama mbele yake. Kwa hilo la tatu, jina la kwanza na kumbukumbu namba ya muamala vinatosha kabisa. Lakini amepewa jina kamili na namba, na saa nne usiku ujumbe unaingia: "Mambo mrembo, ni mimi wa dukani." Ulizeni wasichana wanaowafanyia kazi ofisini kwenu. Si wa kutafuta kwa tochi waliokutana na hili. Ni konda, bodaboda, muuza chipsi, mtu yeyote aliyelipwa kwa simu. Msichana anajikuta anatembea na noti ili asitongozwe, wakati ninyi mnahubiri uchumi usiotegemea pesa taslimu.

Hilo ni jepesi. Zito ni la matapeli. Kila mwenye simu nchi hii ameshapokea "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la…" Ujumbe ule ulikuwa wavu mkubwa: unatupwa kwa maelfu ya watu, anapatikana mmoja ambaye kweli alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba siku hiyo. Daftari la wakala linamwondoa tapeli kwenye wavu linampa mshipi. Anajua jina lako lote, ulitoa kiasi gani, wapi, saa ngapi. Akikupigia akajiita huduma kwa wateja, akakutajia muamala wako wa jana mpaka na mia zake, utamkatia simu? Mama yangu hatakata. Mimi mwenyewe, fundi, sina hakika. TCRA mmetuambia namba za matapeli tuzipeleke 15040, na tunazipeleka. Lakini hapo mwizi ameshafika mlangoni, na mimi nauliza nani alimchorea ramani ya nyumba.

Namba peke yake haimtoi mtu pesa, nalijua hilo, inahitajika PIN. Na tokeni haimzuii mtu kumtajia tapeli PIN yake. Ila tapeli anaipata PIN kwa kuaminika, na anaaminika kwa sababu ya yale anayoyajua kabla hajapiga.

Ninachoomba kinaanzia kwenye jambo lisilo na gharama, nalo ni daftari. Kila muamala tayari unakuja na kumbukumbu namba yake, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu juu ya ujumbe. Hiyo tayari ni tokeni, tumekuwa nayo miaka yote: kwa muuza karanga haina maana, kwa kampuni inafungua kila kitu, nani, lini, wapi. Wakala aandike kumbukumbu namba na kiasi, mteja asaini, yaishe. Safu ya namba ya simu ifutwe, ya kitambulisho ifutwe. Anayepaswa kuona kitambulisho akione kwa macho amrudishie mwenyewe. Ubishi ukitokea kampuni inaitafuta kumbukumbu namba, haihitaji mwandiko wangu. Ni waraka wa ukurasa mmoja wenye saini tatu. Na uwe na kifungu cha madaftari ya zamani yaliyo chini ya meza nchi nzima: yarudishwe kwa kampuni, ambazo ndizo ziliyaagiza, yakateketezwe.

Pili, kuweka pesa. Leo ukienda kwa wakala kuweka, unaitaja namba yako kwa sauti, "sifuri saba tano nne…", na kwa kuwa lori linapita unairudia kwa sauti kubwa zaidi, na foleni nzima nyuma yako inaisikia pamoja na jina lako wakala anapouliza, "Ni fulani, eeh?" Menyu za *150* tunazo kwenye kila kitochi. Iongezwe huduma moja: nabonyeza, naletewa tarakimu sita zinazoishi dakika tano, nazitaja hizo. Anayezisikia abaki nazo. Nimesema kitochi makusudi, kwa sababu hoja ya kwanza nitakayojibiwa ni kwamba tokeni ni za simu janja. Hapana. Kabati linakaa kwenye mitambo ya kampuni. Simu ya mteja haihitaji kujua lolote.

Tatu, wafanyabiashara, na hapa ndipo penye kazi. Mwenye duka apewe tokeni ya mteja badala ya namba, na tokeni hiyo iwe ya duka hilo tu. Mimi nikinunua unga kwa Mangi niwe kwake tokeni ileile kila siku, ili ajue huyu ni mteja wangu wa miezi minane, nimpunguzie. Duka la dawa mtaa wa pili niwe tokeni nyingine kabisa. Umuhimu wake unaonekana siku orodha mbili zinapokutana. Leo anayenunua orodha ya duka la dawa na orodha ya kampuni ya mikopo anaziunganisha kwa namba ya simu kama vifungo na matundu yake: huyu anayeomba mkopo ndiye anayenunua dawa hizi kila mwezi. Tokeni zikitofautiana hazifungani. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na katika semina zote nilizohudhuria sijasikia ikitajwa. Wanaongelea wezi wa mtandao tu, kana kwamba anayeuza orodha kihalali hayupo.

Mwenye duka akitaka kurudisha pesa, anairudisha kwa tokeni ileile, mfumo unajua pa kuipeleka. Akitaka kunitumia tangazo, aniombe namba nimpe mwenyewe nikitaka. Polisi wakihitaji kujua nani alilipa, waende kwa mwenye kabati na karatasi ya mahakama. Hakuna kazi halali inayokufa.

Hatutakuwa wa kwanza. Kenya, Safaricom walishaanza kuficha sehemu ya namba ya mteja katika taarifa zinazokwenda kwa wenye biashara, na mahindi yanaendelea kuuzwa. India walienda mbali zaidi upande wa kadi. Benki Kuu yao iliamua kwamba kuanzia Oktoba 1, 2022 hakuna duka wala kampuni ya malipo inayoruhusiwa kutunza namba ya kadi ya mteja. Wanaobaki nayo ni benki iliyotoa kadi na mtandao wa kadi. Wengine wote tokeni, na tarakimu nne za mwisho kwa ajili ya kumbukumbu. Wafanyabiashara walipiga kelele, tarehe ya mwisho ikasogezwa zaidi ya mara moja, lakini haikufutwa. Ninyi mnaweza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, baada ya watu kuchoka kudhalilishwa kwa ndugu zao, ambao namba zao programu hizo zilizichota kwenye simu. Orodha ile ilisomwa mpaka vijiweni. Mnapoamua tunaona.

Na kwa kuwa miamala mingi kati ya benki na mitandao ya simu sasa inapita TIPS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo kwa papo, na mmeshawapa wafanyabiashara alama moja ya QR ya taifa, mahali pa kuuweka utaratibu huu pameshajengwa. Kila kampuni ikiachiwa kubuni tokeni yake tutapata tano zisizosikilizana, na muuza duka ataishia kuomba namba ya simu "kwa usalama".

Lakini lipo kabati. Hapa naomba mnisome taratibu, kwa sababu mradi huu unaweza kutekelezwa vizuri sana juu na kuoza chini. Tokeni inahamisha hatari, haiifuti: ilikuwa imetapakaa kwenye maduka laki kadhaa, sasa imekaa sehemu moja. Kijana mmoja wa zamu ya usiku mwenye ruhusa ya kufungua kabati bila kuulizwa ana thamani kubwa kuliko madaftari yote ya Mwanza. Sote tumewahi kusikia mtu akisema, "Nina mshikaji wangu pale mtandao, atanitolea taarifa za namba hiyo." Anasema kwa majigambo, kama anayejua fundi mzuri wa viatu. Basi kabati lifunguliwe kwa watu wawili, kila kufunguliwa kuandikwe mahali ambapo mfunguaji hawezi kufuta, na mwenye namba apate ujumbe: leo saa fulani taarifa zako zimeangaliwa, sababu hii. Isipokuwa pale mahakama imezuia asiambiwe. Najua ujumbe wa namna hiyo utaleta maswali mengi huduma kwa wateja. Yaje.

Kuna kitu TCRA mlikifanya kizuri ambacho ningependa mkinakili. Nikibonyeza *106# naona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Shangazi yangu alikuta laini ambayo hakuwahi kuisajili, akaenda kuifunga siku hiyohiyo, na hajui hata kuandika ujumbe. Tunaomba menyu kama hiyo ya tokeni: maduka, kampuni za mikopo, visimbuzi, michezo ya kubahatisha, kila mwenye tokeni yangu mkononi, na tarakimu moja ya kubonyeza kumfuta. Sheria ya 2022 imenipa haki hiyo kwenye karatasi. Kwenye simu sijaiona.

Niongeze dogo la laini zilizotupwa. Laini isiyotumika muda mrefu hugawiwa mtu mwingine. Rafiki yangu alinunua laini mpya na kwa miezi akawa anapokea jumbe za marejesho ya vikoba na salamu za misa za marehemu mmoja. Kama maduka yangekuwa na tokeni iliyofungwa kwenye akaunti ya mtu na siyo kwenye namba, siku laini inapokufa na akaunti ikafungwa, tokeni nayo ingekufa. Sasa hivi namba inarithiwa pamoja na mambo yake yote.

Kuhusu gharama, kampuni zitasema ni kubwa. Sehemu ya kadi haina mjadala, watoa huduma wa malipo karibu wote ninaofanya nao kazi wameshaiweka; ofisi ile ya Arusha ilichukua siku mbili kuhama kutoka WhatsApp, na siku ya tatu tulikaa na dada wa mapokezi tukafuta picha moja moja, pamoja na nakala zilizokuwa zimejihifadhi zenyewe kwenye barua pepe ya bosi. Sehemu ya simu itachukua miezi na pesa, sibishi. Anzeni na daftari.

Nimalizie na yule mama wa 430,000. Nilitaka kumpigia nimwambie karatasi yake ninayo. Basi lilikuwa limeshaondoka Nyegezi, mtandao upo, nikashika simu, nikawa natafuta maneno ya kuanzia: "Shikamoo mama, hunifahamu, ila tarehe fulani saa kumi ulitoa laki nne na thelathini…" Nikasikia mwenyewe ninavyosikika. Nikaiweka simu.

Karatasi nimeitia kwenye bahasha, ina doa la mafuta katikati lakini majina yote 19 yanasomeka. Sikuipiga picha na sitaituma kwa mtandao. Tume mkinipa siku na jina la ofisa wa kuipokea, nitaileta kwa mkono.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Aliyekuwa wakala, sasa fundi wa mifumo ya malipo,
Arusha.